Siku Baba Mdogo Alipoiomba Kasino Ipunguze

Desemba iliyopita nilisoma kurasa kumi na tisa za Kiingereza kwa sekunde nne. Nilitumia kidole gumba. Nilikiweka juu ya kioo cha simu ya baba mdogo, nikasukuma kwenda juu, maandishi yakapita mbio kama machinga waliomwona mgambo, nikafika mwisho, nikabonyeza "Nakubali". Kisha nikamrudishia simu yake na kumwambia kwa sauti ya msomi, "Hakuna tatizo."

Mpaka leo nyumbani kwetu maneno hayo hayajapumzika. Chumvi ikizidi kwenye mboga, dada yangu mdogo ananitazama: "Hakuna tatizo." Umeme ukikatika, mama: "Hakuna tatizo." Baba ndiye hasemi. Baba anakohoa tu, na kikohozi chake kina maana hiyo hiyo.

Baba mdogo ana duka la vyombo Kariakoo, kwenye mtaa ambao ukisimama kuwaza unagongwa na toroli mgongoni. Anauza chupa za chai, mabeseni, hotipoti, na vijiko ambavyo ukivichovya kwenye chai ya moto vinainama kwa heshima. Shule ikifungwa niko naye kila siku. Kazi yangu ni kupanda stoo kuleta mzigo, na kunyamaza pale ninapotakiwa kunyamaza.

Kunyamaza kwenyewe ni kuhusu jagi. Pale dukani ukinunua chupa ya chai unapewa jagi la plastiki, bure. Baba mdogo analitoa chini ya kaunta polepole kama anaiba mali yake mwenyewe. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anamnong'oneza mteja: "Hili nakupa wewe tu, dada yangu. Mwenzako akikuuliza, usiseme." Dada wa watu anaondoka anang'aa. Anakuja mwingine, naye ni wewe tu. Stoo tulikuwa na majagi mia tatu ya wewe tu. Na bei ya jagi, elfu moja mia tano, ilishaingizwa kwenye bei ya chupa. Nilikuwepo ikiingizwa.

"Nyongeza, dogo, ndiyo inayouza," aliwahi kunifundisha. "Mtu haji kununua chupa. Mtu anakuja kupewa."

Kwa hiyo usifikiri alikuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Alikuwa fundi wa kazi hiyo hiyo.

Sasa, sisi ni Wachaga, na Mchaga wa Dar ikifika Krismasi anapanda kwao Kilimanjaro. Hilo halina mjadala. Una homa, unapanda. Una kesi, unaiahirisha, unapanda. Maduka ya mtaani kwetu yanafungwa moja baada ya jingine, na majirani zetu wa Pwani wanabaki kuyaangalia na kututania. Idi ikifika tunayaangalia ya kwao. Bibi yangu, mama yake baba, yuko Rombo, na ana tabia ya kuhesabu watu wanavyoingia getini. Siku ya Krismasi mbuzi anachinjwa, na kila mtu kwenye ukoo ana kipande chake kinachojulikana. Asiyefika, kipande chake kinawekwa kwenye sahani mbele ya watu wote, kikae pale kimseme.

Mwaka huo tulikuwa watano wa kusafiri: baba, mama, dada yangu, mimi na baba mdogo. Nauli elfu arobaini kila mmoja, jumla laki mbili, zote zilikuwa kwenye simu ya baba mdogo, kwa sababu yeye ndiye mwenye mtu wake kwenye ofisi ya basi. Huyo mtu alituwekea viti vitano mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Saa kumi na dakika moja, viti ni vya wengine. Desemba kiti cha basi la Moshi hakina undugu.

Jumatatu, dukani kumejaa, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Kasino ya mtandaoni. Weka laki mbili leo, tukuongezee laki mbili papo hapo, karibu kwenye familia.

Baba mdogo aliusoma mara tatu. Niliona macho yake yakianza kufanya hesabu.

"Dogo, unaona hii? Hii ni nyongeza."

"Naona, ba'mdogo."

"Naweka laki mbili, zinakuwa nne. Natoa nne. Nalipa nauli, zinabaki mbili. Hata kucheza sichezi. Wanafikiri wamempata mjinga, kumbe wamempata mwenye duka."

"Na mimi?"

"Wewe raba mpya. Haya, kuna maneno ya Kiingereza hapa, wewe si ndiyo unasomeshwa? Soma uniambie kama kuna tatizo."

Mwenzenu niliziona zile raba. Nyeupe, soli nene, nimeingia nazo darasani Januari, watu wamenyamaza. Ndipo kidole gumba kikafanya kazi yake.

Laki mbili zikaingia. Kweli, salio likaonyesha laki nne, na nyota zikamwagika kwenye kioo. Baba mdogo akaniambia nimwangalie vizuri nijifunze, akabonyeza kutoa hela. Simu ikasema haiwezekani. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama vile tatizo lilikuwa kidole. Haiwezekani.

"Hebu soma tena," aliniambia.

Safari hii nilisoma kweli, nimekaa juu ya beseni lililogeuzwa, na kila nilivyozidi kusoma ndivyo beseni lilivyozidi kuwa la moto. Ukipokea bonasi, hutoi hela mpaka uwe umechezesha mara thelathini ya hela yako na bonasi ikijumlishwa. Mara thelathini ya laki nne.

"Ni ngapi?" akauliza, ingawa alijua. Mtu anayeuza kwa dazeni tangu ujana wake anajua.

"Milioni kumi na mbili."

Hapo akafanya jambo ambalo nadhani duniani kote lingefanywa na mfanyabiashara wa Kariakoo peke yake. Hakukasirika. Alijiweka sawa kwenye kiti, akasema, "Hiyo ni bei ya kuanzia," akafungua ukurasa wa msaada kwa wateja.

Pale palikuwa na picha ya dada mwenye vipokea sauti kichwani, anatabasamu. Baba mdogo akaandika huku anatamka: "Habari yako dada yangu. Biashara inaendaje?"

Jibu likaja kabla hajanyanyua kidole: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Bonyeza 1 kwa kuweka pesa, 2 kwa kutoa pesa, 3 kwa bonasi."

"Yuko bize," alisema, akabonyeza tatu.

"Ili kutoa pesa, tafadhali kamilisha mara 30."

"Dada, mara thelathini umenibana sana. Fanya tano."

"Ili kutoa pesa, tafadhali kamilisha mara 30."

"Haya, yako na yangu. Fanya nane, tumalize, Mungu akubariki."

"Ili kutoa pesa, tafadhali kamilisha mara 30."

"Mgumu huyu," baba mdogo aliniambia, na kwenye sauti yake mlikuwa na heshima. "Huyu lazima ni Mpare, hao shilingi haiwatoki."

"Ba'mdogo, hiyo ni roboti."

"Roboti ana picha?"

Alifika mpaka kumi na mbili. Alimwambia yule dada kwamba yeye ni mteja mpya na mteja mpya habanwi. Alimwambia kuna kasino nyingine inampa kwa mara kumi, uongo mtupu. Mwisho akatumia silaha kubwa. Ukifika Kariakoo, bei ikigoma, unaondoka. Siyo kuondoka kweli. Unatembea taratibu, masikio yako nyuma, na kabla hujafika duka la tatu unasikia, "Njoo basi, njoo, chukua!" Baba mdogo aliandika, "Basi dada, naona hatutaelewana, acha nijaribu kwa wenzako," akafunga programu, akaweka simu kaunta kioo kikiangalia chini, akaanza kupanga hotipoti kama mtu asiye na haja.

Nusu saa haikuisha, simu ikalia.

"Umepotea! Rudi sasa upate mizunguko 20 ya bure."

"Si nilikwambia?" alipiga kelele hadi wapita njia wakageuka. "Kaniita! Kaniita huyo!"

Akarudi. Na kwa sababu alirudi kwa furaha ya mshindi, akaanza kucheza.

Nikueleze mchezo wenyewe ulivyo, maana mimi nina miaka kumi na sita na hawaruhusu wa umri wangu, nilikuwa mtazamaji tu. Kuna maembe, kuna ndizi, kuna kengele. Unabonyeza, vinazunguka, vinasimama vibaya. Masharti yanasema usizidishe elfu mbili kwa kila mzunguko. Ile mizunguko ishirini ya bure ilimpa elfu tatu mia nne, nazo zikafungiwa humo humo zikiwa na mara thelathini zake. Zilikwenda baadaye zilikokwenda nyingine.

Jumanne alicheza huku anauza. Jumatano alicheza huku hauzi. Mama mmoja alisimama na hotipoti mkononi akiuliza bei mpaka akajijibu mwenyewe na kuondoka. Majagi yalikaa chini ya kaunta bila mtu wa kunong'onezwa. Jumatano jioni simu ikapiga tarumbeta: hongera, umepanda kutoka ngazi ya Shaba mpaka ngazi ya Dhahabu, una pointi elfu mbili.

Alikimbilia duka la pili kumwonyesha mzee jirani yetu, mtu wa Pwani anayeuza mikeka na kofia, ambaye hajawahi kumwita baba mdogo jina jingine zaidi ya Mangi, kama anavyoitwa kila Mchaga mwenye duka. Mzee alishusha miwani, akaitazama ile dhahabu kwa muda.

"Mangi, hii ukiipeleka kwa sonara, anaipima?"

"Hii ni heshima, mzee wangu. Ni ngazi."

"Ngazi ya kupandia wapi?"

Baba mdogo alirudi dukani. Tukaangalia zile pointi zinabadilishwa kwa nini. Pointi moja, shilingi moja. Elfu mbili zote. Nazo, ukishazibadilisha, uzichezeshe kwanza. Na salio wakati huo lilikuwa limeshuka kutoka laki nne hadi laki tatu na ishirini. Kwa maana nyingine mtu alilipa elfu themanini, akapewa elfu mbili asizoweza kuzishika, na tarumbeta.

Usiku huo sikulala vizuri, na siyo kwa sababu ya raba. Nilikuwa nawaza kile kipande cha nyama cha baba kwenye sahani, halafu cha mama, halafu cha dada yangu ambaye tangu Oktoba alikuwa anafanya mazoezi ya kumsalimia bibi kwa Kirombo. Kwa kidole changu.

Alhamisi asubuhi nikachukua daftari la stoo, nikafungua ukurasa wa nyuma. Kwenye ule mchezo wa maembe, ukibonyeza pembeni kabisa, kuna maandishi madogo ambayo nadhani waliyaandika wakiwa wamesimama mbali. Yanasema kwa wastani kila mia inayoingia, mchezo unarudisha tisini na sita. Nne zinabaki kwao. Nne si kitu, utasema. Lakini nne katika kila mia ya milioni kumi na mbili nikaipiga mara mbili, nikaipiga mara ya tatu kwa simu yangu, ikabaki pale pale: laki nne na themanini.

Ili uitoe bonasi ya laki mbili unapitisha hela ambayo njiani inamegwa laki nne na themanini. Na salio lote, na bonasi yake, tangu mwanzo lilikuwa laki nne. Wangeimaliza kabla hatujafika mlangoni.

Nikamsubiri amalize chai. Nikatoa chupa moja na jagi moja, nikaviweka kaunta.

"Ba'mdogo, mimi ni mteja. Nimenunua chupa. Unanipa jagi?"

"Chukua jagi, acha michezo."

"Hapana. Unaniambia: jagi ni lako, liangalie, lishike. Ila hulitoi humu dukani mpaka ununue chupa thelathini. Na ile chupa uliyoilipia, nayo haitoki."

Alicheka. "Huyo mteja atakayekubali atakuwa mwendawazimu."

Nilinyamaza kama nilivyofundishwa. Kicheko chake kilitembea kidogo chenyewe, kikapungua, kikakwama. Alilitazama jagi. Akaitazama simu. Kutoka duka la pili nilisikia mzee wa mikeka akikohoa, maana kuta za Kariakoo ni nyembamba na wazee wake hawana shughuli nyingi saa tatu asubuhi.

"Hao," alisema baba mdogo polepole, "wameweka bei ya jagi ndani ya chupa."

"Ndiyo."

"Wamenifanyia mimi?"

Kilichomuuma, nakuapia, hakikuwa hela. Ni kwamba walimzidi kwenye fani yake.

Kwenye zile kurasa kumi na tisa, ukurasa wa kumi na nne, nilikuwa nimeona njia moja ya kutokea: unaruhusiwa kuifuta bonasi, ukabaki na kile kilichobaki cha hela yako. Tatizo, mchezo unakula hela yako kwanza, ya kwao unaiacha mwisho. Zile elfu themanini zilizoliwa zote zilikuwa nauli. Baba mdogo alishika simu kwa mikono miwili. Salio linasema laki tatu na ishirini. Akibonyeza, litasema laki na ishirini. Kidole chake kilienda, kikarudi. Hata mimi ilikuwa inaniuma, na hata hazikuwa zangu.

"Soma kwanza," aliniambia. "Neno kwa neno."

Nilisoma neno kwa neno, kwa sauti, nikatafsiri. Akabonyeza. Laki mbili zikayeyuka, na ngazi ya Dhahabu ikabaki, hiyo walituachia. Tukatoa hela iliyobaki. Ilifika Ijumaa saa tano. Saa nane mtu wake wa basi alikuwa ameshakata tiketi tatu. Hela nyingine ya duka ilikuwa imelala kwenye mzigo wa sikukuu, na kabla hatujauza wa kutosha, vile viti viwili vilishapata makalio mengine.

Jioni, sebuleni, baba mdogo alisimama mbele ya kaka yake kama mwanafunzi.

"Kaka, ni mimi. Kijana hana kosa."

"Nilibonyeza mimi, baba," nikasema. Sikupanga kusema, ilitoka. "Nilisema nimesoma, na sikusoma."

Baba alikohoa. Akatutazama mmoja mmoja, akazihesabu zile tiketi tatu kana kwamba zingeongezeka.

"Basi," alisema, "waliobonyeza watabaki."

Mimi na baba mdogo tukawa Wachaga pekee tuliobaki mtaani kwetu siku ya Krismasi. Ukitoka pale mpaka Mnazi Mmoja unasikia viatu vyako mwenyewe. Mzee wa mikeka alipotuona tunafungua duka alishika mlango wake.

"Mangi! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ukoo umekufukuza."

"Hapana."

"Basi Kilimanjaro umeanguka, niambie tu, mimi mtu mzima."

Baba mdogo akamweleza yote, mpaka yule dada wa picha. Mzee alicheka hadi akavua kofia na kujifutia macho. Mchana alituletea pilau na kachumbari, sahani mbili zimefunikwa, akasema hii haina masharti lakini sahani azione. Tukiwa tunakula, simu ikalia. "Krismasi njema, mteja wetu wa Dhahabu! Weka elfu hamsini leo, tukuongezee elfu hamsini." Baba mdogo alilamba vidole vizuri, akaifuta ile programu.

"Ananiita tena," alisema. "Safari hii naendelea kutembea."

Na kwa kuwa maduka mengi yalikuwa yamefungwa, wachache waliotoka kununua walikuja kwetu. Siku ya pili akaja mama mmoja mkali, akashika chupa ya chai. Baba mdogo akainama chini ya kaunta, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Yule mama akasema, "Bila hilo jagi, bei gani?"

Tangu nimefahamu lile duka hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Baba mdogo alibaki ameinama, jagi mkononi. Alinitazama mimi. Nilitazama dari.

"Pungufu elfu moja mia tano," alisema kwa sauti ndogo, kama anaungama.

"Nipe bila jagi."

Tarehe ishirini na nane mabasi ya kupanda yalikuwa matupu, kila mtu alishafika kwao. Tulisafiri kwa hela tuliyouza, kila mmoja na viti viwili, miguu tumeinyoosha. Tulifika Rombo jua bado lipo. Bibi alikuwa getini, na aliyemsimulia habari zetu, kwa jinsi mama alivyokuwa anajificha nyuma ya migomba akicheka, sikuhitaji kumtafuta.

"Shikamoo, mama," alisema baba mdogo.

"Marahaba. Karibuni, watu wa bonasi."

Akatupeleka jikoni. Juu ya moto, kwenye kamba, vilining'inia vipande viwili vya nyama vilivyokaushwa kwa moshi, vimenona, vinanukia mpaka nje.

"Unaiona nyama yako?" bibi alimuuliza mwanawe.

"Naiona, mama."

"Ni yako. Hakuna atakayeigusa. Lakini haishuki hapo mpaka umewakatia ng'ombe majani mizigo thelathini."

Baba mdogo alifikiri anatania. Alimtazama vizuri, akaona hatanii.

"Mama, thelathini mingi. Fanya kumi."

"Thelathini."

"Mama jamani, mimi wako wa siku zote. Kumi na tano, tumalize."

"Thelathini."

Basi yule mtu akageuka, akaanza kuondoka kuelekea getini, taratibu, mikono nyuma, masikio yake yote mawili yako jikoni. Akapita zizi. Akapita mgomba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi alichukua mwiko akakoroga chungu. Getini baba mdogo alisimama, akajifanya anaangalia bawaba, akasubiri. Kisha akarudi njia ile ile na kuuliza mundu uko wapi.

"Na wewe uliyesoma kurasa kumi na tisa?" bibi akanigeukia.

"Hakuna tatizo, bibi," nikasema, nikachukua kamba ya kufungia majani.